Klova ya Yona na Kimya Changu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila inaponijia akilini hujikuta natazama pembeni, hata nikiwa peke yangu chumbani. Ilikuwa mchana wa mwezi wa nane, upepo umeanza kuinua vumbi, nami nimesimama kwenye ukingo wa shamba la majani mabichi lisilokuwa langu, nikimtazama kondoo dume aliyehasiwa akitokwa na maziwa. Nilijua papo hapo maana yake, na sikusema neno.

Nakuandikia habari hii sasa kwa sababu umemaliza chuo, umepangiwa kituo cha kazi, na katika barua yako ya mwisho uliniuliza, kwa maneno ya heshima sana, ufanyeje na mwenzako ambaye kila mtu anamsifu kuliko wewe. Uliandika kwamba humchukii. Nilipofika hapo niliiweka barua mezani, nikatoka nje kidogo. Mimi pia sikumchukia Yona.

Yona na mimi tulizaliwa kijiji kimoja, upande wa Kongwa, kwenye zile nyanda ambako mabaki ya mradi wa karanga wa wakoloni yalikuwa bado yamelala porini: vipande vya reli, magurudumu ya chuma, mabomba yaliyoota kutu. Shule ya msingi tulikaa dawati moja. Yeye alikuwa na mikono, mimi nilikuwa na hesabu. Mara nyingi nilisogeza daftari langu kidogo ili aone jibu bila kuomba, naye alinitengenezea viatu vilipokatika kamba. Mtihani wa darasa la saba ukatutenganisha. Mimi nilichaguliwa, yeye hakuchaguliwa. Nikaenda sekondari, nikaenda Morogoro kusomea sayansi ya mifugo, nikarudi na shahada, wa kwanza katika ukoo wetu kuipata, na kwa bahati nikapangiwa kazi ya ugani katika kata yetu wenyewe.

Nilirudi wakati mbaya wa kuwa mtumishi wa serikali. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria. Dawa za mifugo zilizokuwa zikitolewa bure sasa ziliuzwa madukani. Josho la kijiji lilikuwa limekauka, watoto wakicheza ndani yake. Na ofisi yangu ilikuwa na meza moja, kiti kimoja, na baiskeli isiyo na mnyororo. Watu waliniita Bwana Mifugo, kwa kuwa ndilo jina la cheo walilolizoea, na hakuna aliyejisumbua kutafuta la kike. "Mbukwa, Bwana Mifugo," kina mama walinisalimu kisimani, kisha wakaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao. Waliponijia walitaka dawa. Nikisema dawa sina, lakini ushauri ninao, walinishukuru kwa adabu na kwenda zao.

Yona soko huria lilimkuta amesimama tayari. Alianza kwa kununua na kuuza mbuzi minadani. Baadaye akachimba kisima kando ya mto wetu wa msimu, ambao ukikauka huacha maji chini ya mchanga, akapata pampu ya dizeli iliyokwishatumika, na akayaunganisha yale mabomba ya zamani ambayo sisi wengine tulikuwa tukiyaruka tu njiani. Kisha akapata mbegu. Fundi mmoja wa visima, mgeni kutoka nchi ya baridi ambako kwao walifuga kondoo, alimwachia gunia dogo la mbegu ya klova alipokuwa anaondoka. Yona akaipanda. Ikaota majani matatumatatu, laini, yenye kijani ambacho nchi yetu haikijui mwezi wa saba, wakati kila kitu kimegeuka rangi ya ngozi ya simba.

Kijani kile nilikiona kila siku kutoka dirishani. Ofisi yangu ilikuwa kwenye mwinuko, na shamba la Yona lilikuwa bondeni, limekatwa mraba kama kitambaa kilichoanikwa. Saa nne asubuhi pampu ilianza kunguruma, na nilijua kwamba wakati huo huo wako watu wamesimama ukingoni wakitazama maji yakitoka. Nilikuwa nimesomea malisho. Niliweza kukuandikia kurasa kumi juu ya malisho. Ila sikuwa na hata tuta moja la majani la kumwonyesha mtu, na hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa nikueleze desturi moja, kwa sababu wewe umekulia mjini. Kwetu mtu hafugi mifugo yake yote nyumbani kwake. Huwaweka baadhi kwa mtu mwingine anayemwamini, na aliyewekewa huwachunga, hunywa maziwa yao, hupata fungu katika kizazi, na hupeleka habari kwa mwenye mali: nani kazaa, nani kaumwa, nani kapotea. Ni heshima kubwa kuwekewa. Mtu akikuletea mnyama wake uchunge, amekuambia mbele ya kijiji kizima kwamba wewe ni mtu.

Shangazi yangu Perusi, dada wa baba, alikuwa na majike sita ya kondoo. Alikuwa mjane na hakujaliwa mtoto. Lakini hakuwa mtu wa kuhurumiwa, na ole wake aliyejaribu. Alikuwa na jambo lake moja: kila mtoto aliyezaliwa katika ukoo wetu alipelekewa mwanakondoo na Shangazi Perusi. Alifika naye mwenyewe, amembeba mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga, akiimba, akiwatania wakwe. Mimi nilipata wangu, kaka zangu walipata wao. Pale kwenye shughuli za kuzaliwa, ambapo mwanamke asiye na mtoto hukaa karibu na mlango, yeye alikaa katikati.

Niliporudi na shahada yangu, nilitengeneza zizi dogo nyuma ya nyumba yangu. Sikumwambia mtu ni la nini. Nilikuwa nikimsubiri Shangazi.

Wiki ile alipita mbele ya nyumba yangu na majike yake sita, akanisalimu vizuri, akaendelea kuteremka bondeni. Nilimfuata jioni nyumbani kwake.

"Shikamoo, Shangazi. Nimeona umewapeleka kondoo kwa Yona."

"Marahaba. Macho yako ni mazima, namshukuru Mungu."

"Mimi si ndiye niliyesomea mifugo?"

Alinitazama, akacheka kicheko chake cha kukohoa. "Damari, mwanangu, wewe una karatasi. Yeye ana majani. Kondoo wangu hawajui kusoma."

Waliokuwepo walicheka. Nilicheka pia. Nikarudi nyumbani, na usingizini niliendelea kumjibu.

Tangu siku hiyo nilianza kuhesabu mambo ya Yona. Niliijua baiskeli yake mpya, niliijua koti la mitumba alilovaa kanisani, nilijua ni nani kampelekea kondoo na ni wangapi. Siku moja gari la wageni kutoka wilayani lilipita mbele ya ofisi yangu, halikusimama, likateremka moja kwa moja hadi kwenye klova. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mkono wangu umekwisha kuinuka kuwapungia. Nikautumia kujikuna kichwa.

Hivyo basi mwezi ule wa nane, nilipokwenda shambani kwake kwa mara ya kwanza, nilikwenda na daftari la kazi mkononi na moyo wa mtu anayetafuta kasoro. Mke wake, Mbeleje, mwanamke mchangamfu sana, alinipokea.

"Leo Bwana Mifugo katushukia. Karibu uone neema. Huku kwetu hata madume yananyonyesha."

"Yananyonyesha vipi?"

"Njoo uone kama natania."

Akanipeleka kwa dume lililohasiwa, nono, likiwa limejilaza kivulini mwa pampu. Chuchu zake zilikuwa zimevimba. Mbeleje aliikamua moja kwa vidole viwili, na tone jeupe likatoka. Alicheka mpaka akashika kiuno. Ng'ambo ya shamba, kondoo dume lililokuwa zima lilikuwa linampanda jike, na Mbeleje akaniambia kwamba jike huyo alipandwa wiki mbili zilizopita, na kabla ya hapo pia. "Mume wetu huyu hachoki," alisema.

Mwanangu, nilikuwa nimekaa katika somo moja tu lililogusa jambo lile, alasiri ya joto, nusu ya darasa limesinzia. Mhadhiri alitueleza kwamba baadhi ya klova hubeba ndani yake kitu kinachofanana na homoni ya kike. Jike wa kondoo akiila kwa wingi, mwili wake hudanganyika. Hunawiri, hunenepa, hurudi kwenye joto la kutaka dume mara kwa mara, lakini hashiki mimba. Dume lililohasiwa, kwa kuwa halina cha kushindana na homoni ile, huota chuchu na kutoa maziwa. Ng'ombe hustahimili zaidi, ndiyo maana ng'ombe wawili wa Yona walizaa vizuri kwa majani yaleyale, na hakuna aliyeweza kuyashuku. Mhadhiri alimalizia kwa jambo ambalo nililipigia mstari: jike akiondolewa mapema kwenye klova hupona baada ya wiki kadhaa. Akiachwa humo msimu baada ya msimu, mlango wa kizazi chake hubadilika, na hapo hakuna dawa tena. Amekuwa tasa maisha yake yote.

Nilikumbuka yote hayo nikiwa bado natazama lile tone jeupe kwenye kidole cha Mbeleje. Kusema kungechukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Waondoeni majike. Wapeni klova ng'ombe na maksai. Majike yarudi porini kwenye nyasi kavu kabla hayajapandwa.

Yona akaja, anafuta mikono iliyojaa grisi. "Umeonaje, Damari? Sema kweli, wewe ndiye unayejua."

Nikasema, "Wamenawiri."

"Hakuna kasoro?"

"Nitapitia vitabu vyangu, halafu nitakuja."

Nilipanda ule mwinuko nikiwa mwepesi. Ndiyo, mwanangu, mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi kijijini nililitazama lile shamba la kijani na koo langu halikuuma. Nilikuwa na kitu ambacho Yona hakuwa nacho, na kilikuwa kinakua chenyewe bila kumwagiliwa.

Usidhani nilikaa nikipanga ubaya. Wivu wa mtu msomi una adabu. Ulinipatia sababu, moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa nzuri. Kwanza nilisema sina hakika, lazima nipate vipimo, na vipimo havikuwepo wilaya nzima. Halafu nikasema hawajaniuliza kwa barua. Halafu nikasema wageni wa wilayani wamemsifu, mimi ni nani wa kuwapinga. Halafu mvua zikanyesha, klova ikafunikwa na magugu, kondoo wakatawanyika porini, na nikasema tatizo limejiondoa lenyewe. Msimu wa kiangazi uliporudi, pampu ikanguruma tena saa nne asubuhi, na majike yakarudi bondeni.

Mwaka huo, katika majike yote ya Yona, walizaa wachache tu, na katika sita wa Shangazi hakuzaa hata mmoja. Yona akabadilisha dume. Mwaka uliofuata akabadilisha tena, akaenda kulifuata jingine mbali, upande wa Mpwapwa, akatembea nalo kwa miguu siku kadhaa. Jike mmoja alitokwa na kizazi nje na akafa. Nilimwona Yona amekonda. Alikuwa akipita ofisini kwangu jioni, anaketi kwenye ngazi kwa sababu kiti kilikuwa kimoja, ananiuliza habari za minyoo, za ukosefu wa chumvi, za ugonjwa wa kutupa mimba. Nami nilimjibu yote hayo kwa ufasaha. Alikuwa ananiuliza kila kitu isipokuwa majani, kwa sababu majani ndiyo aliyojivunia, na mimi nilijibu kila kitu isipokuwa majani.

Mwezi wa tano mke wa kaka yangu akajifungua mtoto wa kiume, mzaliwa wa kwanza. Watu walijaa. Wakwe walifika, ugali wa uwele na mlenda ukapakuliwa, kuku wakachinjwa, na kila aliyeingia aliangalia nyuma yake kama mtu anayesubiri mwingine. Shangazi Perusi hakuja. Jua likapinda, hakuja. Mama mmoja, jirani tu, alisema huku anakoroga sufuria, bila hata kushusha sauti, "Afadhali asije. Yule mkono wake una kisirani. Kondoo wametoka kwake, wamefika kwa Yona, wamewaambukiza wenzao utasa. Utasa ni wa kwake."

Wengine waliguna kukubali. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Niliendelea kulibeba hadi ndani, nikaliweka chini, nikatokea mlango wa nyuma.

Nilimkuta Shangazi ameketi ndani ya nyumba yake ya tembe, kavaa gauni lake la sikukuu na kilemba kipya. Alikuwa amejiandaa kutoka, kisha hakutoka.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mtoto mzima?"

"Mzima. Wanakusubiri."

"Wananisubiri na nini mgongoni? Mkeka?" Alinyoosha viganja vyake, akavitazama. "Yona kabadilisha madume mara mbili. Kondoo wananenepa kama wake wa matajiri, na hawazai. Watu wanasema ni mimi. Usikatae, nimewasikia, nina masikio. Nami nimeanza kufikiri labda wanasema kweli. Wewe umesoma. Niambie kama mtu anaweza kuambukiza mnyama ugumba."

"Hawezi, Shangazi. Ni yale majani."

Nikamweleza. Nilimweleza polepole na kwa ukamilifu, vizuri kuliko mhadhiri wangu, mpaka mwisho. Alinisikiliza bila kupepesa macho. Nilipofika kwenye habari ya kupona, aliinua kidole.

"Wakitolewa mapema wanapona."

"Ndiyo."

"Na wangu?"

"Wamekaa sana. Sidhani."

Alikishusha kidole. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimelikimbia kiangazi chote, na masika yote, na kiangazi kingine, na masika mengine.

"Umelijua lini hili?"

Ningeweza kusema jana. Ningeweza kusema nilikuwa napekua vitabu. Jibu hilo lilikuwa limekwisha kufika ulimini, safi kabisa. Lakini yeye alikuwa na kile kilemba kipya kichwani, na nikashindwa.

"Mwaka juzi," nikasema. "Mwezi wa nane. Siku Mbeleje aliponionyesha dume lenye maziwa."

"Mwaka juzi."

"Ndiyo, Shangazi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu uliwapeleka kwa Yona."

Sikutegemea atapiga kelele, na hakupiga. Alivua kilemba chake, akakikunja, akakiweka juu ya kitanda. "Fisi alipomkamata kondoo wangu mmoja zamani, niliyekuwa nimemweka kwa baba yako," alisema, "baba yako alinifuata na kipande cha ngozi. Kilikuwa hivi tu, ukubwa wa kiganja. Fisi alikula vingine vyote. Baba yako alisimama pale mlangoni akanieleza jinsi kondoo alivyokufa. Hiyo ndiyo desturi. Mnyama akifa, aliyekuwa na habari zake analeta ngozi, anasema kilichomuua. Sasa sikiliza, Damari. Wale sita kwangu wamekufa. Nitamwambia Yona awachinje. Na ngozi utaleta wewe."

"Shangazi, aliyewekewa ni Yona."

"Kwa Yona niliweka kondoo, naye aliwachunga. Habari zao ulikuwa nazo wewe." Akasimama, akafungua mlango kwa upana. "Utazileta mchana, kwa njia ya kisimani."

Kwanza tulikwenda kwa Yona, Shangazi akiwa mbele. Nilirudia kila kitu mbele yake na mkewe. Mbeleje, ambaye sikuwahi kumwona amekaa kimya, alijifunika mdomo kwa kanga. Yona alikuwa ameshika spana. Aliigeuza mikononi mwake, akaigeuza tena.

"Darasani ulinisogezea daftari bila mimi kukuomba," alisema. "Nilikuwa sijui hata kuuliza. Sasa nimekuja kwenye ngazi zako mara ngapi? Nimekuuliza minyoo, nimekuuliza chumvi. Ulikuwa unanitazama tu?"

"Nilikuwa nakutazama."

"Basi," akasema, akaingia ndani.

Kondoo walichinjwa. Ngozi sita zilikaushwa, zikafungwa kwa kamba, na siku ya tatu nilizitwika kichwani, mimi mwenye shahada, nikapita kisimani saa nne asubuhi. Mwanamke wa kwetu akiona mtu amebeba ngozi kupeleka kwa mwenye mali lazima aulize, ni adabu kuuliza, na wote waliokuwa wamechota maji waliwapa watoto ndoo zao watangulie nazo, wao wakanifuata. Tulipofika kwa Shangazi tulikuwa kundi.

Alikuwa amesimama mlangoni. Alipokea ngozi ya kwanza, akaitandaza chini, akaniuliza kama desturi inavyotaka, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Huyu kafa kwa nini?"

"Aliharibiwa na majani ya klova, na mimi nilijua, nikanyamaza."

Akatandaza ya pili. "Na huyu?"

Nilidhani jibu moja lingetosha. Halikutosha. Kila ngozi ina mnyama wake, na kila mnyama aliulizwa habari zake. Ya kwanza na ya pili nilizisema haraka, kama mtu anayemeza kwinini. Ya tatu nilijaribu kuongeza maneno ya kitaalamu, na Shangazi akaniambia, "Sema kama ulivyosema mwanzo." Ya nne niliisema kwa sauti ndogo. Ya tano nilimwona yule mama wa sufuria, amesimama nyuma ya wenzake, anatazama vidole vya miguu yake, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini niliambiwa nipite njia ya kisimani. Ya sita niliisema kwa sauti kubwa kuliko zote, kwa kuwa nilitaka yule mama asikie kila neno.

"Nimesikia," Shangazi akasema. Hakunikaribisha ndani, na hakunifukuza.

Siku chache baadaye alikuja kumwona mtoto wa kaka. Hakuwa na mwanakondoo. Alikuja na mikono mitupu, akaketi katikati, akaanza kumtania mkwe wetu kwa jinsi anavyokula, na hakuna aliyethubutu kumwangalia mgongoni.

Yona aliwatenga majike yaliyobaki. Yale machanga, yaliyokuwa yamekula klova msimu mmoja tu, yalishika mimba yalipokaa porini, na kundi lake likarudi polepole. Klova aliwaachia ng'ombe. Mimi na yeye tunasalimiana hadi leo, tena vizuri. Tukikutana msibani tunaketi jirani. Lakini hajawahi tena kukaa kwenye ngazi zangu, na sikuwahi kupata maneno ya kumwomba arudi. Sikufichi hilo, kwa sababu hadithi nyingi za wazee huisha watu wakikumbatiana, na wewe ni mkubwa sasa.

Basi nikupe ushauri uliouomba. Umeniuliza ufanyeje na mtu anayesifiwa kuliko wewe. Sikwambii usimwonee wivu. Utamwonea, kazi zetu hizi za kusoma zinatufundisha kujilinganisha tangu tukiwa watoto, na sijaona mtu aliyeacha kwa kuambiwa aache. Ninachokuomba ni kuuchunguza wivu wako mahali ambapo mimi sikuuchunguza wangu. Mimi nilikuwa nikijipekua kama nimemtenda Yona ubaya, na kila nilipojipekua nilijikuta msafi, kwa kuwa sikumtenda lolote. Ungenikuta na hatia mapema kama ungeniuliza nimemnyima nini. Jiulize hilo kila jioni. Kuna neno gani ninalolijua, linalomfaa mwenzangu, ambalo leo sijalisema? Ukilipata, usisubiri vipimo, wala barua, wala yeye akuulize swali sahihi. Asiyejua hajui hata pa kuuliza. Liseme siku hiyohiyo, kabla hujapata sababu nzuri ya kunyamaza, kwa maana sababu utazipata, na zitakuwa nzuri. Na kama umekwisha kuchelewa, sema hata hivyo, na useme tangu lini ulijua. Kumbuka pia kwamba kimya chako hakimwangukii yule uliyemlenga peke yake. Mimi nilimlenga Yona, nikampata mwanamke aliyenibebea mwanakondoo nilipozaliwa.

Nenda kazini kwako, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona mapema, na akiisha kukupa, akupe na kinywa cha kusema mapema. Atakayekutangulia akupendeze machoni, na siku ukimwona anakosea njia umwite kwa jina lake, naye ageuke kukusikiliza. Mikono yako isiwe mitupu mbele ya watoto wa ukoo wako. Na ukifika uzeeni, kila siku ya ujana wako ikikujia, uweze kuitazama usoni.